Sufuria Iliyolala Nje

Baba Upendo,

Shikamoo sikupi. Sikuwahi kukupa ulipokuwa hai, na nikianza leo utajua kuna kitu nataka.

Nimechoka, mwenzangu. Nianzie hapo, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Naamka nimechoka. Nashusha mikungu ya ndizi Kwa Mrombo nimechoka, nawapangia wateja ndizi zao za mshare kwenye turubai nimechoka, nikirudi Elerai jioni mgongo unaniuliza kama nina akili. Juzi mteja kaniomba nimpunguzie bei, nikampunguzia bila hata kubishana. Wenzangu sokoni wakatazamana. Wakajua huyu mama kaisha kweli, maana wewe unanijua, mimi kubishana ndiyo chai yangu.

Leo Jumapili. Tumetoka kanisani, nimekaa kibarazani na karatasi hizi na kikombe cha chai iliyopoa. Watoto wako nyuma ya nyumba, wanachimba. Wanachimba nini nitakuambia, usiharakishe. Ulizoea kusema mimi ni redio isiyoishiwa betri, basi leo sikiliza, huna pa kukimbilia. Hakuna geti la kumalizia kuchomelea wala mteja anayekusubiri gereji.

Nianze na watoto, maana najua ndio unaowaulizia.

Tuliporudi kutoka kukuzika kwenu Ukerewe, kabla hata sijavua viatu, Upendo alichukua zile fimbo zenu tatu za mianzi akaenda kuzisimamisha nyuma ya mlango wa stoo. Mshipi akauzungushia vizuri, ndoana akazichomeka kwenye kipande cha ndala kama ulivyomfundisha. Hakuna aliyemtuma. Nilidhani anatunza. Kumbe anafunga duka.

Jumamosi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nikasema waache, wana msiba. Mama mchungaji naye akaniambia waache, watazoea. Wakazoea kweli. Upendo akazoea kulala na simu yangu usoni, na Lameck akazoea kukaa ukutani akichonga vijiti ambavyo havina kazi. Nikimwuliza Upendo habari za kwenda ziwani Duluti ananiambia, "Mama, watu wa huku hawavui." Binti yako huyo, aliyekuwa anakuamsha wewe Jumamosi kabla ya jogoo!

Lakini huyo angalau anajibu. Lameck hakuwa anajibu. Tena kulikuwa na kitu kingine ambacho nilichelewa kukiona, kwa sababu mtu aliyechoka haoni. Mtoto alikuwa ameacha kusema Baba. Neno lenyewe. Lile koti lako la kaki analojifunika usiku, akilitaka anasema, "lile koti." Kiti chako, "kile kiti." Siku moja mgeni kamwuliza njiani yeye ni mtoto wa nani, akasema, "Mimi wa Mama Upendo," akaondoka zake.

Nikaogopa. Nakuambia wazi, niliogopa kuliko siku ile daktari aliponiita pembeni kuhusu kifua chako. Ulishakufa mara moja, nikaona kwa macho yangu. Sasa naona unakufa mara ya pili humu ndani, mdomoni mwa watoto wako mwenyewe, na mimi nimesimama na ufagio natazama. Nikajisemea, hawa wakiacha kuvua, basi. Maana nini kingine walikuwa nacho na wewe? Wiki nzima ulikuwa kwenye cheche za moto. Jumamosi tu ndiyo ilikuwa yenu, nyie watatu na ile ndoo ya rangi.

Mimi sikuwemo. Unajua kwa nini sikuwemo.

Mtu akisoma barua hii asielewe vibaya, sisi Wameru hatuna ugomvi na samaki. Tulikuwa tu hatumjui. Mama yangu kila siku anatuambia samaki mkunje angali mbichi, na samaki mwenyewe hajawahi kumgusa. Kwake yule ni nyoka wa majini, hana mjadala. Unakumbuka ulipokuja kuposa? Wajomba zangu wamekaa na fimbo zao, wanakuuliza kwenu mna ng'ombe wangapi, na wewe mtoto wa watu ukajibu kwenu mna ziwa. Ziwa, Baba Upendo! Mjomba mkubwa aliinamisha kichwa nikajua nimekosa mume. Ni vile tu ulikuwa na ule uso wako wa kuchekesha.

Mama akakubali, kwa sharti. Samaki asiingie jikoni kwa binti yake. Na mimi nikalishika hilo sharti kuliko amri za Mungu, kusema ukweli. Ukanunua sufuria yako ndogo ya kupikia samaki, ikawa inalala nje, juu ya msumari, pale ukutani penye migomba. Mafiga yenu nje, kisu chenu nje, hata limau lenu nje. Mnarudi kutoka Duluti mnanuka kama boti, perege wamefungwa kwenye kamba ya mgomba, mnapika huko huko, mimi nachungulia dirishani na loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando. Na wewe kila mara ulikuwa unainua kipande juu, "Onja kidogo, Mama Upendo." Na mimi kila mara nikakujibu kwamba siku nitakayokula huyo nyoka, ujue dunia imeisha.

Mnacheka, nyie watatu. Kisha watoto wanakuletea kichwa kwenye sahani, kwa mikono miwili, kwa sababu uliwaambia kwenu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba. Unakifyonza mpaka kwenye jicho. Mimi nafunga dirisha.

Sasa angalia Mungu alivyo na vituko. Ni mimi ndiye wa kuwarudisha ziwani.

Nilianza vibaya. Nilienda mjini nikawanunulia fimbo ya dukani, ya plastiki, ina kigurudumu cha kuzungusha na rangi nyekundu. Nikaiweka mezani kama keki. Upendo akayasoma yale maandishi, akasema nzuri, akarudi kwenye simu. Lameck hakuigusa. Nikajaribu ukali. Jumamosi moja nikawaamsha, nikawaambia leo sitaki maswali, tunakwenda Duluti, huyo ni baba yenu si jirani. Tukaenda. Unajua baridi ya mwezi wa saba pale, ule ukungu unaokaa juu ya maji kama umelipa pango. Wakakaa juu ya mzizi, kila mmoja na mawazo yake. Fimbo hawakuzifungua. Nikahubiri, nikahubiri, mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Tulirudi nyumbani, na mimi nikaingia kulala na nguo za safari.

Kesho yake nililia. Si kwa ajili yako, samahani. Nililia kwa uchovu. Nilijiona mimi ndizi naziweza, kodi ya nyumba naiweza, hata kulala upande mmoja wa kitanda nimeweza, lakini hili la maji na mishipi nani kaniweka mimi?

Jumamosi iliyofuata, yaani jana imetimia wiki moja, niliamka na hasira. Hasira yangu unaijua, haina kelele. Nikachukua fimbo yako, ile ndefu. Nikawaambia watoto vaeni masweta, mnakuja kunitazama. Leo anavua mama yenu, nyie kaeni.

Tukafika. Nikachagua pale pale mlipokuwa mnakaa, penye ule mti ulioinamia maji. Nikafungua mshipi, ukajifunga fundo. Nikafungua fundo, likawa mafundo. Hatimaye ndoana ikaning'inia. Nilikuwa nimechimba nyungunyungu nyumbani nikawaweka kwenye kopo la maziwa, na udongo kidogo, hilo nilikumbuka. Nikamtoa mmoja. Mwenzangu, yule mdudu ana nguvu! Anajikunja, anateleza. Nikafikiri, nikafikiri. Halafu nikafanya kile ninachofanya kila siku ya Mungu. Nikachana kamba ya mgomba kutoka kwenye kapu langu, nyembamba, nikamlaza nyungunyungu kwenye ndoana, nikamfunga. Mizunguko kadhaa na fundo juu. Kama fungu la mchicha.

Nikamtazama, nikaona kapendeza. Nikarusha.

Alifunguka kabla hata hajazama vizuri. Akaenda zake, na ile kamba ikaelea juu. Nikamchukua wa pili, nikamfunga kwa nguvu zaidi, nikamkata mdudu wa watu katikati. Nikasikia nyuma yangu mtu anapumua kwa pua, kama anayezuia chafya. Sikugeuka. Nikamchukua wa tatu.

Hapo ndipo Lameck alipokuja. Akachukua ndoana mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto mchanga wembe. Akasema, "Mama, hafungwi. Baba anamvisha kama soksi."

Baba.

Baba anamvisha. Hakusema alikuwa anamvisha. Anamvisha, kama vile umekwenda tu dukani kununua ndoana nyingine na unarudi sasa hivi. Nikatazama maji. Nisingeweza kumtazama yeye, ningeharibu. Nikamwambia tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, eti soksi vipi? Akanionyesha. Alianza na kichwa cha yule mdudu, akampandisha taratibu, akaacha mkia uchezecheze. Akaniambia baba anasema mkia ndio unaoongea na samaki. Akaniambia baba hatemei mate kwenye chambo, wengine wote wanatema lakini baba anasema ni ushamba. Akaniambia kile kiboya cha ndala kikizama mara moja usivute, anaonja, kikizama mara ya pili vuta. Mtoto ambaye sijamsikia akisema sentensi tatu mfululizo tangu masika! Baba anasema, baba anasema, baba anasema. Na mimi najifanya mjinga zaidi ya nilivyo, na Mungu anajua sikuhitaji kujifanya sana.

Upendo alivumilia kidogo. Halafu nikamsikia anasonya. "Lameck, mwambie asimame mbali na maji, kivuli chake kinafukuza." Ni wewe mtupu, Baba Upendo, hata kule kusonya. Akaja akanisogeza kwa bega, akachukua fimbo yake, na hapo nikawa sina kazi. Nikakaa juu ya ndoo nikawatazama migongo.

Walipata perege wawili. Wadogo, ungecheka, ungesema kwenu hao wanarudishwa kwa mama yao. Lakini Lameck alipomtoa wa kwanza alipiga kelele mpaka kima wakakimbia juu ya miti. Halafu akatokea kenge. Katoka kwenye matete hivi hivi, mrefu kama benchi, anakuja kwenye ndoo yetu kama mwenye mali. Nilimwita Yesu, nikamwita mama yangu kwa Kimeru, nikajikuta njiani kule juu sijui nimefikaje. Ni Upendo aliyemfukuza na ndala. Wakanicheka, wakanicheka mpaka wakakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chao tangu uondoke, na nilikuwa nimepoteza kiatu.

Sasa sikiliza mambo ya nyumbani.

Tulifika mvua imeanza, ile nyembamba ya baridi isiyojua kukata. Watoto wakaingia kubadilisha nguo. Mimi nikasema nisiwe mtu mbaya, wacha niwasaidie. Nikachemsha maji, nikamweka perege mmoja kwenye beseni hapa kibarazani, nikammwagia. Nikasubiri kidogo alainike. Kisha nikaanza kumnyonyoa.

Kama kuku, ndiyo. Ulitaka nijue wapi? Kwetu chenye kitu juu ya ngozi kinamwagiwa maji ya moto kinanyonyolewa. Ngozi ikaanza kutoka na nyama, magamba yamenishika mpaka kwenye nyusi. Nikasema labda nianze na tumbo, nikatumbukiza kisu, kikatoka kitu cha kijani.

Upendo alitokea mlangoni. "Mama! Unamnyonyoa samaki?"

Alipiga kelele hasa. Tangu msibani huyu mtoto anaongea kama yuko maktaba, na sasa jirani wa tatu kasikia. Akaja akapiga magoti, akanusa, akasema nimepasua nyongo, huyu hafai hata kwa paka. Akachukua yule mwingine. Akageuza kisu, akatumia mgongo wake, akaanzia mkiani kuelekea kichwani, kwa mkupuo mfupi mfupi. Magamba yakawa yanaruka. Nikamwona mkono wake, jinsi anavyokunja kile kidole cha mwisho. Ni chako. Nilikuwa sijawahi kukiona, maana nilikuwa nafunga dirisha.

Akaanza kulia hapo hapo, bila kuacha kuparua. Akasema, "Nilidhani nimesahau." Nami nikalia. Tulikuwa tumelowa, tunanuka, tuna magamba usoni, tunalia juu ya samaki mmoja.

Alipomaliza akaenda ukutani kwenye msumari, akachukua ile sufuria yenu. Ilikuwa imejaa maji ya mvua na jani la mgomba. Akaisuuza. Halafu akatazama mafiga. Yamelowa, kuni zimelowa, majivu yamekuwa uji. Akasimama pale kwenye mlango wa jiko langu na sufuria mkononi. Hakuingia. Akanitazama. Lameck nyuma yake ameshika kitunguu na nyanya, anamtazama dada yake, kisha mimi.

Nikafikiria mama. Nikafikiria wajomba na fimbo zao. Kwa kweli sikufikiria sana, nilikuwa nimechoka mno. Nikasema, "Ingieni, mtapata kifua kama cha baba yenu."

Wakapika. Sikusaidia, niliambiwa nikae mbali. Jiko langu likanuka ziwa, na bado linanuka hadi sasa, hata baada ya kupiga deki mara mbili. Walibishana kuhusu limau, kama wewe unaliweka mwanzo au mwisho. Upendo mwanzo, Lameck mwisho, kila mmoja anaapa. Wewe ndiye ungewaamua.

Mimi nilijipakulia ugali wangu na mboga za jana nikakaa. Upendo akagawa. Samaki mmoja, kwenu wangemwita dagaa, sijui aligawaje. Kisha Lameck akasimama. Akazunguka meza na sahani, kwa mikono miwili, anatembea polepole kama anabeba mwali wa mshumaa wa Krismasi. Akaiweka mbele yangu.

Kichwa.

Akasema, "Ni cha mwenye nyumba." Akarudi akakaa, akaanza kula, kama vile hajafanya kitu.

Baba Upendo, lile jicho lilinitazama. Nami nikalitazama. Nilitaka kumwambia chukua mwanangu, mimi sili, unajua mimi sili. Nilitaka kumwambia mwenye nyumba hayupo. Lakini alikuwa ananiangalia kwa pembeni, na nikaona kwamba nikirudisha ile sahani, kiti chako kitabaki "kile kiti" mpaka aoe.

Nilikuambia siku nitakayokula, ujue dunia imeisha. Iliisha masika, mwenzangu. Basi nikala. Nilianza na shavu, nikaendelea, nikafyonza mifupa kama ulivyokuwa unafanya. Na jicho. Usiniulize.

Mama yangu kasikia. Sijui nani kampelekea umbea mpaka kule mlimani, lakini jana kanipigia simu, hakusalimia, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Halafu akaniuliza, samaki ana mifupa mingi? Nikamwambia, mama, uwe unakula taratibu.

Jana tumekwenda tena Duluti. Hatukupata kitu, na hakuna aliyelalamika. Sasa hivi wako huku nyuma pale tunapomwaga maji ya vyombo, wanachimba nyungunyungu wa Jumamosi ijayo, na naona wanagombana kuhusu kopo. Uchovu wangu uko pale pale. Kesho alfajiri mikungu inanisubiri, na mgongo ni huu huu. Sikudanganyi kwamba nimepona, bado nanyoosha mguu usiku kutafuta wako.

Ila nakuahidi hili. Shule zikifunga, tunakuja. Na fimbo zenu tatu, si ile nyekundu. Nitawakabidhi watoto kwa kaka zako wakawaonyeshe huyo samaki wenu sato unayemjivunia, na mimi nitakaa hapo ulipo nikuongelee mpaka uombe kulala tena. Na siku wakipata, kichwa nakula mimi, nakuonya mapema.

Sufuria yako inalala ndani siku hizi, kwenye rafu, pamoja na zangu. Lala na wewe, Baba Upendo.

Mimi wako,
Mama Upendo